Bisibisi za mafundi bunduki nimezihamishia kwenye vyerehani, na huu ni mwaka wa pili

Niseme mwanzoni kabisa tusije tukachanganyana, mimi natengeneza vyerehani, sishoni nguo. Niko Morogoro, nina meza na kabati kwenye baraza la duka la vitambaa, na mezani kwangu zinapita Singer za zamani, Butterfly, na hizi za umeme za viwandani kina Juki. Ukiniuliza kwenye hii kazi nini kinanilia muda kuliko vyote sitakutajia vipuri wala mota, nitakutajia skrubu. Skrubu iliyolika kichwa. Cherehani inakuja imekaza, gurudumu halizunguki, inataka kufunguliwa tu isafishwe ipakwe oili, kazi ya saa moja, alafu unakuta kuna mtu alishatangulia na bisibisi isiyo yake, mkato wote, ule mfereji wa kichwani wa kutilia bisibisi, umetafunwa, na ile saa moja inageuka siku mbili.

Kwa miaka mingi nilikuwa naamini ni uzee, kwamba chuma cha zamani kimechoka na skrubu ikigoma ndo imegoma. Sio kweli. Singer nyingi zinazonifikia zimetoka kiwanda cha Clydebank kule Scotland, ile herufi K unayoiona kwenye 15K au 29K ya mafundi viatu ndo alama ya kiwanda hicho, na kilifungwa mwaka 1980, kwa hiyo hata ile changa kabisa ina miaka zaidi ya arobaini na skrubu zake bado ni chuma kizuri tu. Kinachoziua ni ncha ya bisibisi.

Chukua bisibisi ya flati yoyote iliyopo nyumbani, usiiangalie kwa mbele, iangalie kwa ubavu. Utaona ni kabari, kama kabari ya kupasulia kuni, nene huku juu na inapungua kuelekea nchani. Sasa mkato wa skrubu haujakatwa hivyo, kuta zake zimesimama wima na chini ni bapa. Ukitia kabari kwenye mkato wa namna hiyo haifiki chini, inakwama mdomoni, na ukianza kuzungusha nguvu yote inabebwa na kingo mbili nyembamba za juu tu, na kwa sababu ile ncha ni mteremko inajisukuma yenyewe kutoka nje. Ndo maana unaegemea kwa uzito wote wa mwili na bado inaruka, na ikiruka inaondoka na chuma kidogo cha ukingo, na ikishaondoka nacho safari ya pili inaruka mapema zaidi, na safari ya tatu hamna tena cha kushika.

Alafu kuna suala la unene ambalo watu wengi hawalijui kabisa. Bisibisi nyingi nzuri za flati zinafuata kipimo cha ISO 2380, na kwenye hicho kipimo upana na unene vinakwenda pamoja, ya upana wa milimita 4 ina unene wa 0.8, ya 5.5 ina unene wa 1.0, ya 6.5 ni 1.2. Ukinunua za Wera au Wiha, Wajerumani wale, utakuta wameandika kabisa namba mbili. Sasa skrubu nyingi za Singer zina kichwa kipana na mkato mwembamba, hazikuchongwa kwa kufuata hivyo vipimo. Kwa hiyo unachukua bisibisi inayolingana upana, haiingii, nene. Unachukua ndogo yake, inaingia vizuri, unafurahi, kumbe inashika katikati tu ya mkato na pembeni kote kuko wazi, na pale ndo pabaya, maana ukizungusha zile kona mbili za ncha zinachimba kuta za mkato kama patasi. Mafundi wengi wa vyerehani ninaowajua wameharibu skrubu kwa njia hii, na wamefanya kwa nia njema kabisa, bisibisi iliingia.

Sasa mafundi bunduki wana tatizo hilihili na wao wamelitatua zamani. Zile bunduki za kuwindia za Kiingereza, kina Purdey na Holland & Holland wa London, mikato ya skrubu zake ni myembamba ajabu, kichwa cha skrubu kimechorwa nakshi, na fundi alihakikisha skrubu ikikaza mwisho mikato inalala kufuata mtutu. Mtu anayejua bunduki akitaka kununua anaangalia skrubu kwanza, akikuta mkato umetafunwa anajua humu ndani ameingia mtu asiye fundi na bei inashuka hapohapo. Kwa hiyo wale mafundi walizoea kuichonga bisibisi iifuate skrubu, ncha kwa ncha, hawakutegemea skrubu iifuate bisibisi. Kule Marekani ikaja kuwa biashara ya kawaida, kuna kampuni inaitwa Brownells ya jimbo la Iowa, ipo tangu 1939, inauza vifaa vya mafundi bunduki, na wana biti zao, yaani ncha za bisibisi za kubadilisha, zinaitwa Magna-Tip. Hizo ndo ninazozieleza hapa.

Biti zenyewe mgongoni ni pembesita ya robo inchi, zinaingia kwenye mpini wenye sumaku. Kitu kiko nchani. Pale ambapo bisibisi ya kawaida ingekuwa kabari, hii imechimbwa mashavu pande zote mbili, kwa hiyo sehemu inayoingia kwenye mkato imesimama wima, kuta mbili sambamba kama kipande cha rula ya chuma, na inashuka mpaka chini kabisa ya mkato na kujaza. Na zinauzwa kwa upana na unene, unene wake unapimwa kwa sehemu za elfu moja ya inchi, maana yake upana uleule mmoja unaweza kuupata kwa unene tofautitofauti. Unapima mkato wako, unachagua. Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilikaa kimya dakika nzima. Miaka yote ile nilikuwa natafuta bisibisi ngumu zaidi kumbe nilitakiwa nitafute inayojaza.

Nilijuaje? Binamu yangu yuko Ohio, nilimwomba anitafutie skrubu za akiba za Singer, akaniambia kaka huku wanaofufua vyerehani vya zamani wanatumia bisibisi za bunduki, zinatengenezewa watu wa bunduki lakini zinaingia Singer vizuri mno. Nikamtumia vipimo, akaninunulia mpini mmoja na biti kumi na mbili, akampa mtu anayekuja nyumbani. Hesabu yote pamoja na kumshukuru aliyebeba ilifika pesa ambayo Kariakoo ningeondoka na seti kama kumi za kawaida. Mke wangu aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Na niongeze hapa kwa anayejiuliza, mimi bunduki sigusi, kutengeneza silaha kwetu ni kazi ya mwenye leseni, hizi ni bisibisi tu na skrubu haijui iko kwenye nini.

Kuhusu vipimo, nilifanya hivi. Nilichukua fila geji, ile ya mafundi magari ya kupimia plagi, nikawa naingiza majani yake kwenye mkato wa skrubu moja moja mpaka linaloingia bila kucheza, naandika. Upana nikapima kwa vernia. Cherehani nne tofauti, skrubu zote zinazofunguliwa mara kwa mara, ikawa karatasi nzima. Ukinunua bila kupima utapata biti nzuri zisizoingia popote, kwa hiyo kama kuna kitu kimoja nakuomba ukifanye kabla ya kutoa pesa ni hiki.

Siku niliyoziamini ilikuwa ni cherehani ya mama mmoja wa Kihonda. Singer 15K ya mama yake mzazi, maua ya dhahabu bado yanang'aa isipokuwa pale mkono unapopita, na kwenye bamba la sindano skrubu moja imetoka vizuri nyingine imegoma. Akaniambia fundi, ilishapelekwa sehemu ikarudishwa, walisema itobolewe na dirili. Nikaiangalia kwa lenzi. Mkato ulikuwa umeinuka kingo kama mdomo wa debe lililokatwa, upande mmoja zaidi, lakini huku chini, nusu ya chini ya mkato, kulikuwa kuzima kabisa. Hapo ndo nikaelewa kwa macho nilichokuwa nimekisoma. Bisibisi zote zilizopita hapo hazikuwahi kugusa chini. Chuma cha chini kilikuwa kinasubiri tu miaka yote.

Nilianza kwa kusafisha mkato kwa sindano ya zamani ya cherehani, nikakwangua uchafu, oili iliyoganda na nyuzinyuzi, unaweza usiamini kiasi kinachotoka kwenye mkato mdogo namna ile. Zile kingo zilizoinuka nikazigongagonga taratibu kwa nyundo ndogo zilale. Nikadondosha oili ya kupenya nikaiacha usiku. Asubuhi nikaweka chuma cha kulehemu juu ya kichwa cha skrubu, kipate joto kama dakika tatu nne, nikaondoa, kikapoa, nikarudia, maana chuma kikipanuka na kusinyaa ile kutu inapasuka na oili inapata njia. Nikaizungushia karatasi ya gundi ya wapaka rangi pembeni yote ili hata ikiteleza isichore. Cherehani nikailaza ili skrubu itazame juu kabisa, wima, hapo unabonyeza kwa bega sio kwa kifundo cha mkono. Nikajaribu biti tatu. Ya kwanza ilicheza. Ya pili iliingia nusu. Ya tatu ilizama na kusimama yenyewe, nikaachia mpini ukabaki umesimama bila kuushika, na nikamulika kwa tochi ya simu pembeni, hamna mwanga unaopita.

Kwanza nikaikaza, kidogo sana, kama unataka kuisogeza upana wa unywele kulia. Watu wananishangaa nikifanya hivyo lakini mara nyingi skrubu inakatika kifungo chake kwa kwenda mbele kabla ya kurudi. Alafu nikarudi kushoto. Ikatoa sauti, tak, moja, kavu, na ikatoka. Yule mama alikuwa amekaa kwenye benchi hakuelewa kwa nini nimenyamaza namna ile.

Tangu hapo sijatoboa skrubu yoyote ya Singer kwa dirili. Sisemi zote zimetoka kirahisi, kuna moja ya nyuma kwenye mtaimbo wa sindano ilinichukua siku tatu za oili na joto, lakini ilitoka na mkato wake mzima, na ikarudi ileile. Hilo ndo jambo kubwa kwangu, maana skrubu za Singer zina nyuzi zao wenyewe, ile mizunguko iliyochongwa ubavuni mwa skrubu, huwezi kwenda hadwea ukanunua M4, skrubu ya kawaida ya milimita 4, ukaifunga pale, haitaingia, na ukiilazimisha unaua na tundu pia. Skrubu ya asili ukishaipoteza umeingia kwenye kutafuta cherehani mbovu ya kuchinja.

Kingine nilichokipenda ni kukaza. Tunaongelea sana kufungua lakini ncha inayojaza mkato inakupa hisia ya nyuzi mkononi, unajua hapa imefika, hapa nikiongeza naumiza. Kwenye skrubu ndogo ya kitasa kikubwa cha gurudumu, ile inayozuia kitasa kisizunguke mpaka kikatoka, nilikuwa naikaza kwa kubahatisha, sasa naisikia.

Sasa mapungufu, na yapo. Mpini na biti ya robo inchi ni vinene. Kuna sehemu kwenye cherehani skrubu imezama kwenye shimo refu jembamba na hii haifiki, unahitaji bisibisi ya mti mmoja mrefu mwembamba, kwa hiyo hizi biti hazikutosheleza kila kitu, zimechukua labda sehemu tatu kati ya nne za kazi. Pili, kwa vitu vidogo kabisa kama kikasha cha bobini ni kubwa mno. Pale kuna skrubu mbili kwenye kile kibamba cha tenshen, kubwa ya katikati ndo ya kurekebisha ukazaji wa uzi, ndogo ya mwisho inashika kibamba tu, na wateja wengi wanazungusha ile ndogo wakidhani ndo yenyewe mpaka inadondoka kwenye sakafu na hatuioni tena. Kwa hizo natumia bisibisi za saa. Tatu, vipimo ni inchi, mtu aliyezoea milimita inabidi akae na karatasi ya kubadilisha, ingawa ukishajua biti yako unaipaka alama ya rangi ya kucha na hesabu inaisha. Na nne, ncha ikiwa nyembamba ni nyembamba, haitaki kubanduliwa nayo kitu. Nilivunja kona ya moja kwa kubanjua kifuniko kilichoganda rangi, kosa langu mwenyewe asilimia mia, na nilijua nakosea wakati nafanya. Zikiwa na ubapa wa namna ile kazi yake ni kuzungusha tu.

Na hizo biti zina binamu zake wa bandia. Kabla binamu hajanitumia za kweli nilinunua seti moja dukani, boksi zuri la plastiki, vichwa zaidi ya mia, na kwenye kifuniko ilichorwa picha ya ncha iliyochimbwa mashavu kama nilivyoeleza. Ndani ncha zote zilikuwa kabari. Mbili zilijipinda siku ya kwanza kwenye skrubu ambayo haikuwa hata imekaza, zikajisokota kama chuma cha hanga. Niliporudisha muuzaji akaniambia hiyo ni ya kazi nyepesi. Kwa hiyo ukiwa dukani usiangalie picha, toa biti, ishike usawa wa jicho kwa ubavu, itazame na mwanga nyuma yake. Kama kuta mbili za ncha zinakutana kuelekea chini, iache. Kama zimesimama sambamba angalau milimita moja na nusu mpaka mbili, hapo tunaongea.

Asiyekuwa na mtu wa kumtumia asikate tamaa, kuna njia ambayo bado naitumia mpaka leo kwa zile skrubu za shimoni. Tafuta bisibisi ya zamani ya chuma kizuri, zile zenye mpini wa mbao au za Kijerumani zilizotumika, hata ikiwa ncha imevunjika, hasa ikiwa imevunjika. Ifunge kwenye jiliwa ncha juu. Chukua tupa ya duara, chimba shavu la upande mmoja taratibu, geuza, chimba la pili, unahesabu mipigo ili pande zilingane, alafu unamalizia na tupa laini ya bapa mpaka ncha iingie kwenye skrubu unayoitaka. Skrubu yenyewe iwe mezani, unajaribu kila baada ya mipigo mitano sita. Ukitumia grainda uwe na kopo la maji pembeni, gusa jiwe sekunde moja chovya, gusa chovya, maana chuma kikionyesha rangi ya bluu kimeshapoteza ugumu wake na ncha itapinda kama bati. Nimechonga tano kwa namna hii. Ni kazi ya jioni moja na haikuhitaji dola.

Kwa wanaofanya kazi nyingine ndogondogo, nisimalize bila kugusa skrubu za nyota, zile zenye mkato wa msalaba, kwa sababu ugonjwa ni uleule. Watu wanaita zote nyota lakini sio zote moja. Ile ya Phillips imepewa jina la Henry Phillips wa Portland, Oregon, na ilianza kutumika kwenye magari ya Cadillac mwaka 1936. Ipo ya Pozidriv ambayo ina vimistari vinne vidogo vya ziada kati ya mikono, hiyo iko sana kwenye bawaba za makabati ya Ulaya. Na ipo ya Kijapani, JIS, ambayo inafanana na Phillips kiasi kwamba macho hayaoni, ila bisibisi ya Phillips haikai vizuri ndani yake, inaegemea juu na kuruka. Skrubu za JIS mara nyingi zina kidoti kimoja kwenye kichwa. Wanaofungua kabureta za pikipiki za Kijapani wanazijua zile skrubu za chini ya bakuli zilivyo na vichwa vilivyolika, na wengi wanalaumu skrubu. Bisibisi za Vessel za Osaka zimetengenezwa kwa hizo. Kijana anayetengeneza pikipiki jirani yangu nilimwazima ya kwangu asubuhi, jioni akanirudishia akasema kaka niuzie, nikamwambia hapana.

Jirani mwingine ni wa simu, na kwake ni dunia nyingine, biti za milimita 4 na vichwa kama pentalobe, yale maua ya petali tano ya chini ya iPhone. Yeye ananiambia shida yake sio kichwa tu, ni urefu. Skrubu za ndani ya simu zinafanana upana lakini zinapishana urefu kidogo sana, na ukiweka ndefu kwenye tundu la fupi inakwenda kukata njia za umeme ndani ya bodi na simu imekufa. Kwa hiyo ana kiubao cha sumaku amekichora mraba, kila skrubu ina kiti chake. Mimi nimemwiga, natumia kipande cha stairofomu, nachora umbo la cherehani kwa kalamu na kuchomeka kila skrubu pale ilipotoka. Kabla ya hapo nilikuwa natumia kikombe kimoja kwa zote, na sitaki hata kueleza.

Na mzee wa saa, ambaye amekaa kwenye ile meza yake ya kioo tangu mimi niko shule ya msingi, alinionya kuhusu sumaku. Kwangu sumaku ni raha, skrubu ndogo inabaki kwenye ncha haidondoki ndani ya mwili wa cherehani. Kwake ni sumu. Ule uzi mwembamba wa chuma unaohema ndani ya saa ya kukaza kwa mkono ukishika sumaku, mizunguko inajishikiza na saa inaanza kukimbia. Bisibisi zake za Bergeon, Waswisi wale, kila moja ina pete ya rangi, njano ni milimita 0.80, nyeusi ni 1.00, nyekundu ni 1.20, ananyoosha mkono bila kutazama. Na bado kila asubuhi anazipitisha kwenye kijiwe, mipigo miwili mitatu kila ncha, kabla hajafungua saa ya mtu. Nilipomwonyesha biti zangu za bunduki alizitazama kwa lenzi yake ya jichoni muda mrefu, akapitisha ukucha nchani, akasema hii imechongwa na mtu anayeijua skrubu. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Je, ningenunua tena? Ndio, na nimeshaagiza nyingine sita kwa mtu anayekuja mwezi ujao, unene mdogo zaidi kwa ajili ya skrubu za kifuniko cha mbele za 15K, pamoja na ile niliyoivunja kona. Kwa fundi anayefungua Singer moja kwa mwezi nisingemshauri atume pesa Marekani, achonge mbili tatu kwa tupa kama nilivyoeleza zitamtosha. Kwa anayeishi kwa kazi hii kama mimi pesa ilirudi ndani ya miezi minne, nikihesabu tu zile kazi ambazo zamani ningezikataa au ningezitoboa.

Na wewe mwenye Singer ya bibi iliyoganda, umejaribu skrubu mara moja imeruka, tafadhali simama hapohapo. Usijaribu ya pili. Dondosha oili kwenye mkato, funika na kitambaa, na umpelekee fundi ikiwa bado ina kingo. Ukimpelekea, muombe akuonyeshe ncha ya bisibisi yake kwa ubavu kabla hajaanza.